Asili ya Herufi za Uhai na Wajibu Wetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa yetu ya baada ya magharibi tuliletewa masuala mawili katika juma moja. La kwanza lilitoka kwa kijana wa skuli ya sekondari. Alisema amesomeshwa ya kwamba viumbe vyote vyenye uhai, tangu mtu hata kuvu ya mkate, huandikwa kwa herufi nne tu, na ya kwamba maana ya herufi hizo haikupatikana kwa siku moja bali ilikua kidogo kidogo kwa muda wa mamilioni ya miaka. Aliporudi nyumbani akaitaja khabari hiyo, mjomba wake alimwambia kuwa hiyo ni kufuru, naye atubie.

Suala la pili lilitoka kwa mama mmoja wa hapa Mji wa Kale, aliyeketi nyuma ya pazia na mtoto mapajani. Mtoto huyo huumwa na mifupa, macho yake huwa ya manjano, na vidole vyake hufura mara kwa mara. Majirani wamemwambia kuwa mtoto ana jini. Jamaa za mume nao wamemwambia kuwa ubaya umetoka katika damu yake yeye mama. Akauliza: nifanye nini?

Waliokuwapo walidhani masuala haya hayana udugu. Mimi nasema ni suala moja. Herufi zile alizokatazwa kijana kuzisoma, moja yake ndiyo iliyobadilika katika damu ya mtoto yule. Na lau watu wa nyumba zile mbili wangalizijua, kijana asingalitishwa wala mama asingalionewa. Basi nawaomba, ndugu zangu na dada zangu, mnivumilie nieleze herufi hizo ni nini, wataalamu wanasemaje juu ya asili yake, na sisi yatupasa nini.

Herufi na maneno

Ndani ya chembe hai kuna uzi mrefu sana na mwembamba uitwao DNA. Uzi huo umetungwa kama tasbihi, lakini punje zake ni za namna nne tu, nazo zimepewa majina ya A, C, G na T. Chembe ikitaka kufanya kazi hunakili kipande cha uzi huo katika uzi mwengine uitwao RNA, na humo mahali pa T hukaa U. Kazi zenyewe za mwili, kama kuchukua hewa, kusaga chakula na kukaza misuli, nyingi yazo hufanywa na protini. Na protini ni minyororo iliyoungwa kwa vitu vidogo viitwavyo asidi amino, navyo ni vya namna 20.

Hapo pana hesabu ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuifanya. Herufi nne zitatajaje vitu ishirini? Neno likiwa la herufi moja, yatapatikana maneno 4. Likiwa la herufi mbili, yatapatikana 16, nayo hayatoshi. Likiwa la herufi tatu, yatapatikana 64, nayo yatosha na kubaki. Ndivyo ilivyo: kila neno ni herufi tatu. Maneno 61 hutaja asidi amino, na matatu yaliyobaki, UAA, UAG na UGA, ni kama alama za waqfu katika msahafu: msomaji akifika hapo husimama.

Maana za maneno haya hazikujulikana kwa kuotea. Mwaka wa 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei, huko Marekani, walichukua RNA yenye herufi U peke yake wakaitia katika maji ya bakteria waliopondwa. Ukatoka mnyororo wa asidi amino moja tu, iitwayo fenilalanini. Hivyo wakajua kuwa UUU maana yake ni fenilalanini. Kufikia mwaka wa 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamefasiriwa. Miongoni mwa waliopewa tunzo ya Nobel mwaka wa 1968 kwa kazi hiyo ni Har Gobind Khorana, mzaliwa wa Raipur katika Panjabi, kijiji ambacho leo kimo katika Pakistani. Kilikuwa kijiji cha watu kama mia, na nyumba yao ilikuwa karibu peke yake yenye kujua kusoma. Nawakumbusha hayo ili asije mtu akasema kuwa ilimu hii ni mali ya Wazungu.

Maneno hayo ni yale yale, isipokuwa mahali pachache mno, kwa mtu, na kwa mbu, na kwa mwembe, na kwa papa wa baharini. Ushahidi wake tunao majumbani mwetu. Wazee wetu wangapi wa Kibokoni na Kuze wana ugonjwa wa sukari, nao hujidunga sindano ya insulini? Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na sote twajua taabu iliyompata Mwislamu kwa jambo hilo. Kisha wataalamu wakachukua maandishi ya insulini ya binadamu, yenye asidi amino 51, wakayatia ndani ya bakteria. Bakteria wakayasoma neno kwa neno, wakatengeneza insulini ya mtu barabara. Ilianza kuruhusiwa hospitalini mwaka wa 1982. Lau kiumbe kile kidogo kisingalisoma maandishi kwa maana zile zile tunazozisoma sisi, dawa hiyo isingalipatikana.

Herufi moja katika damu ya pwani

Sasa turudi kwa mtoto. Wekundu wa damu ni protini iitwayo himoglobini, nayo ndiyo ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Imeungwa kwa minyororo ya namna mbili, na mmoja katika hiyo una asidi amino 146. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo huo neno lililoandikwa ni GAG, maana yake asidi ya glutamiki, nayo yapenda maji. Kwa baadhi ya watu herufi ya katikati imebadilika, neno likawa GUG, maana yake valini, nayo yakimbia maji. Kilichobadilika ni herufi moja. Asidi amino nyengine zote 145 ni zile zile.

Lakini tazameni inayoyafanya. Himoglobini yenye valini ikishatoa oksijeni yake hushikana na mwenzake, na mwenzake na mwengine, mpaka zikawa kama fito. Fito hizo huipinda chembe ya damu ikawa na umbo la mundu wa kukatia majani. Chembe njema huishi kama siku 120, lakini hii ya mundu huishi kama siku 10 mpaka 20 tu. Ndipo damu ikapungua na macho yakawa manjano. Na kwa kuwa chembe hizo ni ngumu, huziba mishipa midogo, ndipo mifupa ikauma na vidole vikafura. Ugonjwa huu huitwa selimundu, na wengi hospitalini huuita siko-seli. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenziwe huko Marekani walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine. Mwaka wa 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaonyesha kuwa tafauti yenyewe ni asidi amino moja. Hapana jini aliyetajwa katika khabari hiyo, wala hapana kijicho.

Na sisi watu wa pwani tumo ndani ya khabari hii tangu mwanzo wake. Mwaka huo huo wa 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alikwenda akikusanya damu za watu wa sehemu mbali mbali za nchi. Akaona jambo la ajabu. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, katika kila watu 100 zaidi ya 20 wana herufi hiyo. Katika nyanda za juu, ambako ni baridi, hawafiki hata mmoja katika mia. Akajiuliza: ugonjwa unaoua watoto utabakije kwa watu wengi hivi? Jawabu alilitoa mwaka wa 1954. Penye mbu wa malaria ndipo penye herufi hiyo. Mtu hupokea nakala mbili za maandishi yake, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea nakala moja iliyobadilika na moja njema huwa ni mchukuzi: yeye haumwi ugonjwa wa selimundu, na malaria kali humkosa zaidi kuliko inavyowakosa wenziwe. Utafiti uliofanywa Kilifi, kaskazini yetu, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu 1989, umelithibitisha hilo kwa watoto wa pwani yenyewe. Lakini aliyepokea nakala mbili zilizobadilika ndiye mgonjwa, naye hana kinga hiyo; kwake yeye malaria ni khatari kubwa mno.

Basi hapo mwaona jinsi viumbe vinavyogeuka kwa zama. Herufi hubadilika katika kunakiliwa. Penye haja hubaki na kuzidi, na pasipo haja hupungua. Jambo hilo si hadithi ya mbali. Limeandikwa katika damu za watu wa Mombasa, na sababu yake ni mbu wa mitaro yetu.

Maana za maneno zimetoka wapi?

Sasa tufike katika suala la kijana. Ikiwa herufi hubadilika, je, na ile sharia ya kuzisoma, yaani ya kwamba GAG ni kitu fulani na GUG ni kitu fulani, nayo ilipatikanaje?

Wataalamu wameanza kwa kutazama mpango wa maneno yenyewe, nao si mpango ovyo. Kwanza, herufi ya tatu mara nyingi haibadilishi kitu: GGU, GGC, GGA na GGG yote ni asidi amino moja, glisini. Basi mwandishi akikosea mahali pa tatu, aghlabu maana husalimika. Pili, herufi ya katikati ndiyo yenye nguvu: maneno yote yenye U katikati hutaja asidi zinazokimbia maji. Kosa la selimundu liko hapo hapo katikati, A ikawa U, na ndiyo sababu dhara yake ikawa kubwa. Mwaka wa 1998 Stephen Freeland na Laurence Hurst walitumia kompyuta kutengeneza mipango mengine milioni moja kwa bahati nasibu, wakailinganisha na huu wetu kwa kipimo cha kupunguza madhara ya makosa. Katika hiyo milioni, mmoja tu ndio ulioushinda.

Tatu, maneno yanayoanza kwa G hutaja asidi amino zilizo sahali: glisini, alanini, asidi ya aspatiki, asidi ya glutamiki na valini. Na hizi ndizo zinazopatikana hata mahali pasipo uhai. Mwaka wa 1953 Stanley Miller, huko Chicago, alitia mvuke wa maji na hewa za namna tatu katika chupa, akapitisha cheche za umeme kama radi kwa siku kadhaa, akapata glisini na alanini. Mwaka wa 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, nacho kilikuwa na asidi amino ndani yake. Na Septemba 2023 chombo cha Marekani kilileta mchanga wa kijisayari kiitwacho Bennu. Khabari iliyotolewa Januari 2025 ilisema kuwa mumo humo mmeonekana asidi amino 14 katika zile 20. Lakini zilizo ngumu, kama triptofani, zataka kazi ndefu ndani ya chembe hai, na triptofani imepewa neno moja tu, UGG. Kwa hiyo wengi wa wataalamu waona kuwa msimbo wa mwanzo ulikuwa mdogo, wa asidi chache za sahali, kisha ukaongezwa. Na tukilifuata wazo hilo, GAG na GUG, haya mawili yaliyomsibu mtoto wetu, ni katika maneno ya kale kabisa ya uhai.

Nitawapigia mfano wa kwetu. Babu zetu walipotaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waliona kuwa hazina p, wala ch, wala v, wala g. Wengine wakaandika b mahali pa p, na msomaji akawa abahatisha: ni "baa" au ni "paa"? Kisha wanazuoni wetu wakaongeza nukta, moja hapa na tatu pale, kila sauti ikapata herufi yake. Na vitabu vilipokwisha kuenea, hapana tena aliyeweza kusema, "Tangu leo herufi hii ina maana nyengine," maana vitabu vyote vya zamani vingeharibika kwa siku moja. Carl Woese alisema kuwa msimbo wa uhai nao ulianza kwa kubahatisha, neno moja likitaja asidi amino zinazofanana, kisha ukazidi kuwa sahihi. Naye Francis Crick alisema mwaka wa 1968 kuwa ulipofika mahali fulani uliganda, kwani kubadilisha maana ya neno moja ni kuharibu protini zote kwa pamoja. Penye kitabu kidogo tu ndipo pawezekanapo kubadili. Ndani ya chembe zetu mna vijumba vya nguvu viitwavyo mitokondria, venye kitabu chao cha protini 13 tu. Mwaka wa 1979 ilionekana kuwa humo UGA si waqfu, bali ni triptofani.

Limebaki fumbo moja, nalo ni kama la kuku na yai. Herufi husomwa kwa msaada wa protini, na protini hupatikana kwa kusomwa herufi. Kilitangulia kipi? Katika miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha kuwa RNA yaweza kuhifadhi maandishi na kufanya kazi pia. Mwaka wa 2000 ikaonekana umbo la ribosomu, ambayo ndiyo karakana ya kuungia protini, na pale hasa asidi amino zinapoungwa pametengenezwa kwa RNA. Msikiti wetu wa Mandhry, unaotajwa kuwa ni wa mwaka 1570, umepakwa chokaa mara nyingi, lakini mwenye kutaka kujua umri wake hutazama msingi. Na msingi wa karakana hii ni RNA. Kwa hiyo wengi waona kuwa RNA ndiyo iliyotangulia.

Kama herufi na asidi amino zilivutana zenyewe tangu mwanzo, au mpango ulifuata njia ambazo asidi mpya zilitengenezwa kutokana na za zamani, kama alivyosema Tze-Fei Wong mwaka wa 1975, au ulichujwa kwa kupunguza makosa, wataalamu wangali wakijadiliana. Wengi husema kila moja ina sehemu yake.

Makosa mawili ya kujiepusha nayo

Kosa la kwanza ni la mjomba: kuita kufuru jambo ambalo hakulisoma. Katika Sura ya Al-Ankabut tumeamrishwa tutembee na tutazame mwanzo wa uumbaji. Je, tutatazamaje tukifumba macho? Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alivieleza viumbe kuwa vimeungana kama ngazi, madini kisha mimea kisha wanyama, na mwisho wa kila daraja uko karibu na mwanzo wa ile ya juu yake. Sisemi kuwa maneno yake ni haya ya leo, lakini hayakumzuia kushika ukadhi wa Kimaliki huko Kairo mwaka wa 1384. Khabari ya Baba yetu Adam, alayhi salaam, ina mlango wake na maulamaa wake, nami sikuufungua mlango huo hapa. Nasema tu kuwa kujua njia ambayo kitu kimepitia si kumkana aliyekipitisha. Nahodha aliyejua kuwa kaskazi husukumwa na jua na bahari hakuacha kumshukuru Mungu alipofika salama Bandari ya Kale.

Kosa la pili ni la rafiki zetu, nalo ni baya zaidi kwa kuwa lafanana na utetezi. Hao husema, "Wataalamu hawajui msimbo ulianzaje, basi hapo ndipo palipo dalili ya Mungu." Ndugu zangu, mwenye kujenga imani yake juu ya asichokijua mwenzake amejenga juu ya mchanga wa ufukoni. Mwaka wa 1960 hapana aliyejua UUU ni nini; mwaka uliofuata ilijulikana. Je, Mwenyezi Mungu alipungua kwa mwaka mmoja? Hasha! Yeye ni Mola wa tunalolijua kama alivyo Mola wa tusilolijua. Wala hatuhitaji kuzigeuza aya ili zitaje herufi nne na maneno 64. Qur'ani ni uwongofu, haina haja ya kukopa heshima katika kitabu cha skuli.

Yatupasa nini?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa hapa Mombasa Sahifa mwaka wa 1930 na Al-Islah mwaka wa 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka kufa kwake 1947, alilia sana juu ya Waislamu kuikimbia ilimu. Basi tusikilie kilio chake huku tukikirudia kile alichokilia. Yako mambo manne yatupasayo.

La kwanza: mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali akapimwe damu, asicheleweshwe kwa fedha za kupungia pepo na kwa hirizi. Ziko njia za kumhifadhi: penisilini ya kila siku katika miaka yake ya mwanzo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiurea kwa amri ya daktari. Dua tumwombee, na tusiache kumwombea. Lakini Mtume wetu alitufundisha kujitibu, naye ndiye aliyemjua Mungu kuliko sisi.

La pili: wenye kutaka kuoana wapimwe damu kabla ya posa kutangazwa. Wakiwa wachukuzi wote wawili, basi katika kila mimba mtoto ana fungu moja katika manne la kuwa mgonjwa. Akiwa mchukuzi ni mmoja tu na mwenzake damu yake ni njema, hapana mtoto atakayekuwa na selimundu. Na hili latuhusu khasa sisi tuozao watoto wa ami na wa mjomba, kwani walio wa babu mmoja ni karibu zaidi kuwa na nakala moja. Sharia haikuharimisha ndoa hizo, nami siziharimishi. Lakini jambo la halali nalo hufanywa kwa macho mawili.

La tatu: waacheni wanawake. Mtoto mgonjwa amepokea nakala moja kwa mama na moja kwa baba. Lau baba hakutoa, mtoto asingaliumwa. Basi mwenye kumtukana mke kwa ajili hiyo, au kumwacha, amedhulumu, na ilimu hii yote itakuwa shahidi juu yake. Na wazazi nao hawana hatia, kwa kuwa herufi hiyo iliwafikia kutoka kwa wazee waliookoka malaria kwa sababu yake.

La nne: wasomesheni watoto wenu, wanaume na wanawake, ilimu hii mpaka mwisho wake. Hivi leo iko dawa ya kuyarekebisha maandishi ya wagonjwa hawa, iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, na bei yake huko Marekani yapita dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Itashukaje bei, na itafikaje pwani, ikiwa kila kijana wetu anayezikaribia herufi hizi aambiwa atubie?

Basi jawabu letu kwa kijana ni hili: rudi darasani, usome, na ukifika katika lisilojulikana usikimbie, bali uwe wewe katika watakaolijua. Na jawabu letu kwa mama: ubaya haukutoka kwako, mtoto wako hana jini, na kesho asubuhi wake wawili katika darsa hii watafuatana nawe mpaka hospitali. Na baba wa mtoto naye aende akapimwe, na jamaa zake wamtake radhi mama huyo mbele ya wale wale waliomsema mbele yao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyu na wenziwe wote, atuzidishie ilimu yenye manufaa, na asitufanye kuwa pazia baina ya waja wake na yale aliyowaumbia wayajue. Amin. Wabillahi tawfiq.